Swichi ya Nne Chini ya Ngazi

Mimi ni fundi wa umeme na nina kinyaa. Hayo mawili hayapatani, hasa hapa Malindi, ambako kila sanduku la swichi nililowahi kulifungua lina mjusi kafiri aliyekaukia ndani na mayai ya mende nyuma ya fyuzi. Watu wa mji huu ni wasafi kuliko sisi wa Kericho, sibishi. Wanafagia ua asubuhi na jioni, wanafukiza ubani, wanaoga hata mara tatu kwa siku. Lakini sanduku la umeme hawaligusi. Wanaliogopa, na uchafu wote wa nyumba unahamia humo.

Kwa hiyo Raiya aliponipigia simu nilitia mkobani glavu mbili, sabuni na taulo, nikachukua tuktuk hadi mtaa wa Shela. Jua lilikuwa linatua. Saa hiyo niliichagua mwenyewe. Kazi ya kutambua swichi ipi inalisha chumba kipi hufanywa vizuri mwanga unapopungua, maana taa ikizimika unaiona. Mwenzangu wa kazi, Mramba, alikuwa amekwenda kwao Vitengeni kwenye matanga, nikaona hata peke yangu nitaiweza.

Raiya ni mwanamke wa makamo, mwalimu wa chekechea aliyeacha kazi ili amuuguze mamake. Mama mwenyewe, Bi Mwanatumu, mapafu yake yamechoka. Anaishi kwa mashine ya oksijeni inayonguruma kando ya kitanda usiku na mchana, na mpira wake umepita puani. Mwezi uliotangulia fundi fulani alikuja kutengeneza feni, akazima swichi kuu ya kwanza iliyomjia mkononi. Mashine ikanyamaza. Raiya alikuwa sokoni. Aliporudi, midomo ya mamake ilikuwa ya zambarau.

Tangu siku hiyo Raiya hakulala vizuri. Alitaka jambo moja tu: ajue swichi ya mamake ni ipi, iandikwe kwa herufi kubwa, mtu asiiguse tena.

Nilipanda juu kwanza nikamwamkia bibi. Alinijibu marahaba kwa pumzi fupi, akanishika mkono, akaniangalia sana. Macho yake yalikuwa mazuri bado. Raiya akamtoa kwenye mashine, akamfungia mtungi mdogo wa hewa ili nipate nafasi ya kuzima. Akaniambia mtungi ule unakaribia kwisha na mwingine utaletwa kesho, kwa hiyo nisichelewe.

Nikateremka.

Sanduku lilikuwa chini ya ngazi, nyuma ya kijilango cha mbao. Nilipokivuta kile kijilango, harufu ilinipiga usoni nikarudi nyuma. Samli iliyochacha... na nywele zilizoungua. Nimefungua masanduku yenye panya waliooza, lakini harufu ile ilikuwa mbichi, ya kitu kinachoendelea kuoza bila kumaliza. Nikajifunga leso puani, nikawasha tochi.

Nyumba ile ni ya mawe, ya babu yao, na kila aliyeirithi aliongeza vyumba vyake na waya zake. Ndiyo maana ilikuwa na swichi kuu nne za chuma, za zamani, zenye mikono ya kupandisha na kushusha. Juu yake mita ya kale, ile yenye kisahani kinachozunguka. Hakuna lebo hata moja. Mikono mitatu ilikuwa imepandishwa. Wa nne ulikuwa chini, na umeviringishwa vitambaa.

Vitambaa vile vilikuwa vimeloa mafuta hadi vikawa na rangi moja, lakini penye mkunjo uliweza kuona kwamba hapo zamani kimoja kilikuwa chekundu, kingine cheupe, kingine cheusi. Vimefungwa fundo juu ya fundo. Tone la mafuta mazito lilikuwa linaning'inia chini yake. Ukutani palikuwa na mchirizi mweusi, na mende walikuwa wamejipanga kandokando ya ule mchirizi, hawatembei, wanakunywa.

Nilimwita Raiya, nikamuuliza hii ya nne ni ya nini. Akainama kutoka juu ya ngazi.

"Hiyo haina kazi, fundi. Babangu alitwambia iachwe. Yeye ndiye aliyekuwa akiitia mafuta isishike kutu, kila Alhamisi baada ya magharibi. Tangu afe, hajaigusa mtu."

Basi hakuna neno linalonikera kama hilo. Haina kazi! Swichi isiyo na kazi ndiyo inayoua fundi. Unaambiwa haina kazi, unaingiza mkono, unazikwa kesho. Nikamjibu kwa adabu kwamba nitaitazama mwisho.

Tukaanza. Namna ya kufanya kazi hii ni rahisi: mmoja hukaa kwenye swichi, mwingine huzunguka vyumbani, wanaitana. Nilishusha ya kwanza, nikapaza sauti kuuliza kama imezima. Raiya akaitika kwamba imezima, ya jikoni na uani. Nikairudisha, nikaandika lebo, nikabandika. Ya pili ikawa ya sebule na vyumba vya mbele. Ya tatu nilipoishusha, Raiya aliitika kutoka juu.

"Ndiyo hii. Mashine imezima. Irudishe, fundi."

Nikairudisha. Nikasikia mashine ikianza kunguruma, na Raiya akasema amemrudisha mamake kwenye mpira wake. Nikaandika kwa wino mwekundu: MASHINE YA BI MWANATUMU. USIZIME. Moyo wangu ulitulia. Kazi niliyoitiwa ilikuwa imekwisha, na mtu mwenye akili angefunga mkoba akaenda zake.

Lakini ile ya nne...

Kusema kweli si ushupavu ulionishika, ni kinyaa. Sikuweza kuiacha ile takataka ikidondoka juu ya lebo zangu safi. Na katika kazi yetu, swichi iliyofungwa ina maana moja dunia nzima: aliyeifunga hataki iwashwe. Mtoto wa chuo wa mwezi wa kwanza anajua hilo. Na mimi nilijua. Ila macho yangu yaliona uchafu tu, sikuona kufungwa.

Nikachukua koleo, nikavikata.

Vilifunguka vyenyewe, polepole, kama utumbo. Ndani mlikuwa na nywele. Nywele za mvi, vifungu vifungu, na kucha. Kucha nyingi za mtu mzima, za manjano, zimeshikana kwa mafuta, na katikati yake funza weupe wakijinyonganyonga. Nikalisukuma bonge lote kwa mguu, nikalipeleka hivyo hivyo hadi uani, nikalitia kwenye mfereji wa maji machafu. Paka wa nyumba alikuja kunusa. Akarudi nyuma kwa nyuma, mkia umemvimba, akaruka ukuta.

Nilirudi, nikaisugua swichi kwa taulo. Nikapima. Umeme unaingia. Waya unaotoka ulikuwa unashuka ukutani hadi chini na kuzama sakafuni, pale pale chini ya ngazi, penye ukuta mtupu usio na mlango. Nikagonga ule ukuta. Ulilia kwa uvungu. Nao ulikuwa na joto, unatoka jasho la mafuta.

Nikapandisha mkono wa nne, nikauliza kwa sauti kama imewaka.

Nikatega sikio.

Kisahani cha mita kilianza kuzunguka kasi, kasi ambayo sijaiona hata kwenye hoteli za wazungu. Nikauliza tena.

"Imewaka."

Sauti ilikuwa ya chini, nzito, ya mtu mwenye kinywa kilichojaa mafuta. Nikadhani ni Raiya amejifunika leso. Nikamuuliza yuko chumba gani.

"Huku."

Nikakasirika kidogo. Huku ndiyo wapi? Nikamwambia aseme vizuri, niandike. Wakati huohuo nikasikia ndara zikishuka juu ya kichwa changu, na Raiya akatokea kwenye ngazi na bakuli la uji mkononi, akaniuliza mbona naongea peke yangu.

Tulitazamana.

Kutoka nyuma ya ukuta, pale waya ulipozama, tulisikia kitu kikilamba. Taratibu... kwa uroho... kama mtu alambaye sahani baada ya kufunga siku nyingi. Harufu ikaja upya, moto, hadi macho yakatoka machozi. Raiya akaliacha bakuli likaanguka.

Mkono wa swichi ya kwanza ukashuka. *Tap.* Jikoni kukawa giza.

Wa pili ukashuka. *Tap.* Sebule.

Swichi za aina hii hazishuki zenyewe. Zinahitaji mkono.

Wa tatu ukashuka.

Juu yetu mashine ilinyamaza, halafu kengele yake ikaanza kulia, ile ya kuonya. Raiya alipanda mbio. Nikasikia akihangaika na mtungi, halafu akaniambia kwa sauti iliyokatika kwamba mtungi umekwisha.

Nikaupandisha mkono wa tatu. Ukashuka. Nikaupandisha tena nikaushikilia kwa kiganja, na mashine ikaanza kunguruma, lakini nikahisi kitu kikiusukuma kutoka juu, bila haraka, kama mkubwa anayecheza na mtoto. Kwa mkono wangu mwingine nikaushika ule wa nne niushushe. Ulikuwa umeloa. Ulikuwa una vuguvugu. Nikavuta kwa nguvu zangu zote, na ndani ya glavu, ndani kabisa, kwenye ngozi yangu, ulimi ukanilamba kiganja.

Sikupiga kelele. Nilitapika pale pale nilipokuwa nimesimama, ndani ya leso yangu mwenyewe, na sikuachia swichi hata moja.

Mkono wa nne ukashuka. Nilipolegeza kidogo, ukapanda. Nikaelewa kwamba hautakaa chini bila kufungwa. Wakati huo nikamsikia Bi Mwanatumu kule juu, sauti nyembamba lakini kavu, akimuuliza bintiye.

"Nani kamfungua?"

Raiya alishuka, akaniambia mamake amesema afungwe kwa vitambaa vile vile vya mwanzo. Nikamwambia viko mferejini. Alitoka na koleo la makaa, akarudi na lile bonge linachuruzika maji ya mfereji, kucha zimeganda juu yake, funza wangali hai. Mimi mikono yangu miwili ilikuwa imeshika swichi mbili. Nikamwambia aifunge yeye. Alijaribu. Kila alipokisogeza kitambaa, kilimteleza vidoleni kikaanguka, kilimteleza kikaanguka, na nyuma ya ukuta kitu kikacheka kwa pumzi. Nikamwambia aache, aushike ule wa tatu amwokoe mamake. Akausukuma juu kwa nguvu zake zote.

Nikabaki na mkono mmoja na ile takataka.

Fundo halifungwi kwa mkono mmoja. Jaribu mwenyewe. Unahitaji mkono wa pili, na kama huna, unahitaji meno.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikashusha leso, nikainama, nikakiuma kile kitambaa. Mafuta yakanijaa kinywani. Kitu kidogo kikajinyonga chini ya ulimi wangu. Nywele za mzee aliyekufa zikanikwama kooni, nami nikavuta, nikazungusha, nikavuta, huku machozi na makamasi yakinitoka, hadi fundo likakaza. Msuko wangu mmoja ulikuwa umenasa ndani yake. Sikuwa na muda wa kuuchomoa. Niliukata kwa koleo, nikauacha humo.

Kulamba kukakoma.

Tulingoja. Raiya akalegeza mkono wake, na swichi ya tatu ikakaa juu yenyewe. Nikapandisha ya pili na ya kwanza. Taa zikarudi. Mashine ilikuwa inanguruma kwa raha zake, na kwa juu tulimsikia bibi akikohoa, kikohozi cha mtu aliye hai. Raiya alikaa sakafuni akalia. Na mimi nililia, sioni haya kusema.

Kisha nikafanya kile ambacho kila fundi aliyefundishwa vizuri hukifanya. Ukifunga swichi, unaandika jina lako, ili asije mwingine akaifungua bila wewe kuwepo. Mkono ulijiandikia wenyewe, kwa mazoea. Nikabandika lebo juu ya ya nne: IMEFUNGWA NA CHEROP. ASIIFUNGUE MTU MWINGINE.

Nilisukutua kinywa kwa sabuni hadi ufizi ukatoka damu. Halafu nikapanda kumuaga bibi. Midomo yake ilikuwa imerudi rangi. Akanionyesha nikae karibu, akaniuliza kwa mnong'ono nimemfunga kwa jina la nani.

"Langu, Bibi."

Alifumba macho.

"Pole, mwanangu," akasema. "Mume wangu alimfunga kwa jina lake na langu. Yeye kashatangulia. Huyu wa ukutani alikuwa akiningoja mimi tu. Ningekwenda, angekwenda nami, nyumba ingesafika. Ungeniacha niende."

Raiya alikuwa amesimama mlangoni. Alimsikia mamake, na hakuniangalia usoni.

Nilimpigia Mramba usiku uleule. Yeye ni Mgiriama, babake alikuwa mganga, ingawa mwenyewe ni mlokole na hapendi kuyazungumza. Alinisikiliza hadi mwisho. Akaniuliza vitambaa vilikuwa vya rangi gani, nikamwambia. Akasema rangi hizo babake alizijua. Nikamuomba akirudi tuende wote akaitoe lebo yangu, aandike yoyote, hata aandike haina kazi.

"Dada Cherop," akaniambia, "mimi na wewe tumefundishwa kazi moja. Swichi yenye jina la mtu, nani anaruhusiwa kuifungua?"

Nilijua jibu. Nikakata simu.

Aliporudi kutoka Vitengeni alifika hadi barazani kwa Raiya, akanusa mara moja, akasema ataningoja barabarani. Hakuwahi kuingia. Ni nini kile, kililetwa na nani, mzee alikitaka kwa utajiri au alikirithi tu pamoja na nyumba, hakuna anayejua, au wanaojua hawasemi. Bi Mwanatumu nikimuuliza hugeuza uso ukutani. Raiya ananiletea chai na mahamri, ananiita mwanetu, na nikiondoka nasikia akimimina maji mlangoni nilipopita.

Nilijaribu kuacha kwenda kuitia mafuta ile swichi. Alhamisi moja sikwenda. Nilikaa chumbani kwangu Maweni, mlango nimeufunga kwa komeo, nikipika ugali. Magharibi ilipoingia, taa yangu ikazima. Ya jirani ilikuwa inawaka. Nikakaa gizani na mwiko mkononi, na harufu ikaja... samli iliyochacha. Kutoka nyuma ya ukuta wangu, ambako hakuna kitu ila uwanja mtupu, sauti yenye kinywa kilichojaa ikaniuliza kwa upole, kama mfanyakazi mwenzangu:

"Imezima, Cherop?"

Dakika hiyohiyo simu ililia. Ilikuwa Raiya. Alikuwa anapiga kelele kwamba swichi ya tatu inashuka.

Kwa hiyo sasa nakwenda. Kila Alhamisi magharibi ikiingia nakaa chini ya ngazi na chupa ya mafuta na mkasi. Bibi bado anapumua, na kila wiki ananisihi nimwache aende. Lakini akienda jina lake linatoka na langu linabaki, peke yake, na mimi sina hakika kama kile kitu kitaridhika kulishwa na mtu mmoja. Kwa hiyo naichunga mashine ile kuliko bintiye anavyoichunga. Nimenunua mtungi wa pili kwa fedha yangu.

Upande wa kushoto wa kichwa changu nimeanza kuufunga leso. Kucha za mikono zimekwisha, zinakua polepole kuliko kinavyokula.

Juzi nilianza za miguu.